Milimita Kumi na Moja

Tuliondoka Dubbo na jua la kuanikia nguo,
Neville kwenye usukani, ramani mapajani pangu,
nyuma yetu vikombe vikigongana kabatini
kama meno ya mwenye homa.
Nyumba yetu ina magurudumu sita
na dirisha la paa ambalo fundi alituapia,
kwa jina la mama yake mzazi,
kwamba halivuji.

Gilgandra, upepo.
Mlango ulinyakuliwa mkononi mwangu, na kofia ya Neville
ikavuka barabara peke yake,
bila kutazama kulia wala kushoto.
Kilomita arobaini mbele, baridi; nikavaa soksi zake.
Arobaini nyingine, joto; nikazivua.
"Hewa ya huku," akasema, "ina tabia za dada yako."
Sikumjibu mpaka Coonamble.

Dalili ya mvua ni mawingu? Labda kwingine.
Hapa mawingu ni wagombea:
hupita, huahidi, hupunga mkono juu ya maghala ya ngano,
kisha huenda kumwaga kwa walioshiba.
Kondoo hawainui hata vichwa.
Wameshapiga kura mara nyingi.

Mji tuliolala ulikuwa na mtaa mmoja:
benki iliyogeuka duka la mitumba,
bucha, hoteli yenye roshani isiyo na mtu,
na kasuku wa rangi ya waridi kwenye waya wa simu
wakitujadili.
Mwenye kambi, Bi Maureen Tighe,
alihesabu pesa zetu huku macho yako magharibi.
"Mmeleta?" akauliza.
Nikaanza kumtajia mizigo.
"Mvua," akasema. "Aliyeleta mara ya mwisho
alikuwa fundi pampu kutoka Tamworth.
Mpaka leo tunamtumia kadi ya Krismasi."

Usiku ikaja.
Tone moja kwanza, kama mtu aliyekosea nyumba.
Halafu mawe. Halafu maji, maji,
na dirisha la paa, lile la kiapo,
likaanza kumdondokea Neville kwenye paji la uso.
Tukatega sufuria ya uji.
Nikalaani: miaka saba ya kudunduliza senti
ili nije nilowe kitandani mwangu mwenyewe!
Nikafuta ukungu kiooni nione kama dunia ingalipo.

Bi Tighe alikuwa katikati ya barabara,
gauni la kulalia, buti za mpira, mwavuli hana.
Hakucheza. Hakuomba.
Alisimama tu
kama mtu anayesomewa barua.
Taa zikawaka, nyumba hii, nyumba ile.
Mwenye bucha, Lindsay Pruss, alitoka na mwanawe begani,
na mtoto alikuwa analia, analia kweli,
maana ana miaka mitatu
na hakuna aliyewahi kumwambia
kwamba bati hupiga kelele.

Asubuhi tukaenda kutafuta soseji.
Ubao nje ya bucha:
mbavu za kondoo, dola kumi na nane kwa kilo;
maini, uliza ndani;
na chini, kwa chaki mpya,
herufi kubwa kuliko za nyama yoyote:
MILIMITA KUMI NA MOJA.
Watu walikuja, wakasoma, wakaondoka,
wakarudi kusoma tena.
Mzee mmoja alivua kofia.

"Na kule kwenu zimeingia ngapi?" Lindsay akaniuliza.
Nikamtazama Neville. Neville akatazama viatu vyake,
vilivyokuwa bado vinachuruzika.
"Sufuria moja," nikasema. "Na robo."

Hakucheka.
Akachukua chaki, akainama,
akatafuta nafasi chini ya ile namba, akaandika.

Sasa tuko Walgett. Jua. Vumbi limerudi kazini.
Neville ananunua dizeli na kugombana na bei.
Fundi wa hapa amepanda juu, amegonga gonga,
anasema ni kazi ya dakika kumi tu.

Nimemwambia aache.